Alinitoa Shambani

Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu, juu ya meza ya jikoni, na niliona fahari kwa mwandiko wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na pale nyumbani Gare shahada yangu ilikuwa haijamsaidia mtu yeyote. Kwa hiyo askari wa kituo cha polisi aliposema malalamiko yaletwe kwa maandishi, mama alinigeukia usoni kumenawiri, ingawa mkono ulikuwa umevimba.

Asubuhi ya zamu yetu ya maji, mama alikuta mfereji umezibwa juu, maji yote yanaingia kwenye kabichi za jirani. Akazibua. Jirani akashuka na mpini wa jembe, akampiga mara tatu, na pigo la mwisho likavunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Hospitali walitaka fomu ya polisi kwanza, kwa kuwa mgonjwa amepigwa. Hatukuwa nayo. Mama akaona maumivu yamezidi, akasema basi, ameanguka. Wakamfunga bandeji, na cheti kikaandikwa hivyo: ameanguka.

Mama anajua Kiswahili cha sokoni, lakini akiwa na uchungu huingia kwenye Kishambaa bila kujua. Kwa Kishambaa, kumtoa mtu ni kumpiga. "Andika," aliniambia, "alinitoa shambani kwa mpini wa jembe." Nikaandika: alinitoa shambani kwa mpini wa jembe. Lugha zote mbili nimekua nazo, na siku ile hazikuwa na mpaka kichwani mwangu. Barua niliisoma mara sita. Nilihangaika na nukta. Nilihangaika kama "Mheshimiwa" inaanza na herufi kubwa hata katikati ya sentensi.

Askari, ambaye si mtu wa huku, aliisoma akanirudishia. "Mmetolewa shambani? Hayo ya ardhi, dada. Nendeni baraza la kata." Hakufungua jalada. Tukaipeleka barua ileile Mahakama ya Mwanzo, na hakimu naye akakataa kuamuru malalamiko yasajiliwe kama kosa la jinai. Uamuzi wake ulikuwa mistari minne: huu ni mgogoro wa ardhi. Niliwaza rushwa, niliwaza undugu, niliwaza labda salamu yangu mlangoni ilikuwa fupi mno. Mwandiko wangu sikuuwaza. Tukaomba Mahakama ya Wilaya, Lushoto mjini, ipitie uamuzi ule.

Miezi hiyo yote jirani alipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi. Ni rika la marehemu baba, na huku mtu mzima hapitwi bila shikamoo, hata awe amefanya nini. Nikawa namwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama mkono unaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Nilijibu hivyo kila siku.

Siku ya mapitio, hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alifungua jalada la mahakama ya chini.

"Mama, hapa tunaangalia kumbukumbu tu, hatupokei ushahidi mpya. Imeandikwa alikutoa shambani. Ni kweli alikutoa?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa. Alinitoa sana."

"Alikutoa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na kila akikutoa ulikuwa unarudi?"

Mama alitazama huku na huku. "Nirudi wapi, mheshimiwa? Nilikuwa nimelala chini."

Karani, kijana wa kwetu, aliinama juu ya makaratasi yake, mabega yakitikisika. Kicheko chake ndicho kilichonifumbua macho. Nilitakiwa kusimama. Nikajiuliza: mwombaji ni mama, mimi naruhusiwa kusema? Ninyooshe mkono kwanza? Nikisema kosa ni langu, watadhani tunabadilisha maneno baada ya kubanwa? Nilipofika hapo, hakimu alikuwa tayari anaandika. Kwa kumbukumbu zilizopo, alisema, haoni kosa katika uamuzi wa chini. Maombi yametupwa.

Karani alinikuta kwenye ngazi. "Dada, ile 'toa' ni ya kwetu, siyo?"

"Ulijua? Mbona hukumwambia hakimu?"

"Mimi ni karani. Wewe je? Si ndiye msomi wenu?" Kisha akashusha sauti. "Andikeni upya. Muanze tena polisi."

Nilimweleza mama tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa mawe, nje ya uzio wa mahakama.

"Kumbe Kiswahili hakina neno hilo?"

"Lipo, mama. Ni kupiga."

"Kupiga ni kofi," alisema, akiangalia vidole vyake. Vilikuwa vimeshaunga, vimepinda kuelekea kwenye kiganja, na mafungu ya karoti sasa nafunga mimi. "Haya. Andika hilo lao."

Barua mpya ninayo. Alinipiga, imeandikwa, mahali panne. Lakini askari atataka cheti cha hospitali, na cheti kinasema ameanguka. Hilo sijamwambia mama. Kila jioni ananiuliza kama barua imekamilika, nami namjibu bado kidogo, narekebisha nukta.