Pumzi ya Mama Ndani ya Kioo

Nakushukuru, ee Mungu, uliyemfanya mtu kwa udongo ukampulizia pumzi yako mwenyewe.

Harufu ya gazeti bichi linaloungua hunirudisha Lewisham, mtaa wa London, miaka ya tisini, kwenye karakana iliyokuwa chini ya daraja la treni. Kabla ya hapo mama alifanya kazi katika kiwanda cha glasi. Kule mashine ndiyo iliyopuliza kioo cha moto kikawa glasi. Yeye aliinua kila glasi kwenye taa, na yenye kiputo cha hewa aliitupa pipani ikayeyushwe upya. Kiwanda kikafungwa. Bi Ruth, Mzungu aliyetengeneza vyombo vya kioo kimoja kimoja kwa pumzi yake, akamwita karakanani kwake aje ajaribiwe. Nyumbani tulikuwa wawili tu, hivyo tuliiombea sana siku ile. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda naye.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa vyombo vilivyokwisha kupoa. Mama akatoa bakuli la buluu, akaliinua dirishani kama alivyozoea, akaona kiputo. Hakusita. Pipani, chwaa!

Bi Ruth akaja mbio. "Mama Neema!" Alimwita hivyo akidhani ndilo jina lake la kwenye pasipoti. "Kile kiputo nilikiweka mwenyewe!"

Nikamfasiria mama.

"Amekiweka mwenyewe? Cha nini? Huyu ana wazimu? Usimwambie hilo, mwanangu."

Nikamwambia Bi Ruth kwamba mama anaomba radhi.

Nilijua kazi imekwenda. Lakini Bi Ruth alichota tanuruni kioo cha moto, kizito kama asali, kwa ncha ya bomba la chuma, akamwekea mama ncha ya pili mdomoni. "Puliza."

Mama akapuliza. Msomaji wangu, lile donge jekundu lilivimba kama kitu kilicho hai! Bi Ruth akalizungusha juu ya gazeti lililoloweshwa maji hadi likawa bakuli, moshi ukapanda, nami nikabaki nimeshika mdomo. Glasi zote alizowahi kushika mama, hakuna iliyokuwa na pumzi yake.

Kesho yake asubuhi tulirudi kulitazama. Bakuli lilikuwa limepinda, lina viputo tele. Mama akaliinua dirishani. Nikalitazama pipa. Akalishusha mezani taratibu.

"Mwulize, kesho nije saa ngapi?"

Utotoni nilidhani Bi Ruth alimhurumia. Nimekuwa mzee wa kanisa ndipo nikaelewa: mama alikuwa amefundishwa kutafuta kasoro tu, hata ndani yake mwenyewe, na asubuhi ile aliachiliwa.

Nawe unayesoma, Bwana akuinue kwenye mwanga wake, akuone ulivyo, akuweke chini taratibu.