Viti vya Mama Efraimu

Esnath hakuwahi kumdhulumu mtu, na katika kwaya ya akina mama usharikani kwao hakuna aliyefunga kitambaa cheupe kilichong'aa kuliko chake. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliona aibu kuonekana maskini. Aibu hiyo hakuna mchungaji aliyewahi kuikemea, na ndiyo iliyomponza.

Na maskini alikuwa, tusidanganyane. Mumewe Sadock, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliangukiwa na mti kwenye kazi ya mbao, akamwachia nyumba ya tofali isiyo na sakafu na binti mmoja, Lightness. Tangu hapo Esnath aliishi kwa kibarua cha kuchimba viazi vya watu, huko huko kijijini kwao, nje kidogo ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako. Asubuhi uji, jioni viazi vya kuchemsha na chumvi, mchana maji. Lakini ukikutana naye njiani akiwa amenyoosha shingo na amevaa sweta lake lililofuliwa, ungedhani ametoka kula wali.

Binti alikuwa na akili ya mikono. Alipokuwa kidato cha kwanza aliokota kipande cha sola kilichotupwa, akaomba betri kuukuu ya pikipiki, akahangaika nayo wiki nzima, mwisho akawasha taa jikoni kwa mama yake. Taa yenyewe ilikuwa ndogo kama tunda la plamu, lakini Esnath alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna harusi.

"Mama," Lightness alisema, "mimi nitasomea umeme."

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba makarani watapita nyumba kwa nyumba kuandika kaya maskini za kupewa ruzuku. Tangazo lilieleweka vizuri, hakuna aliyedanganywa. Ila Esnath aliposikia neno wageni, mengine yote yalimtoka kichwani. Wageni waje wamkute mjane wa mzee wa kanisa amekaa kwenye kigogo? Akaenda kwa jirani yake Mektilda, mama yake Efraimu, akaazima viti viwili vya sofa na vitambaa vyake, chupa ya chai na sahani za maua. Mektilda hakuwa na choyo, akampa vyote, tena akamsaidia kubeba. Kuku mmoja aliyekuwa akitaga akachinjwa.

Karani aliitwa Ronald, kijana mpole mwenye kishikwambi. Aliketi kwenye sofa ya Mektilda akauliza maswali yake.

"Mama, kwa siku mnakula milo mingapi?"

"Mitatu, baba. Mungu ni mwema."

"Na viti hivi ni vya kwenu?"

Lightness alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali mkononi. Mama yake hakumtazama.

"Vya kwetu," alisema Esnath.

Ronald akabonyeza, akala paja la kuku, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Kwa Mektilda, mwenye ng'ombe wa maziwa malishoni, alikuta sebule tupu kama ghala kabla ya mavuno. Akakalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na chai hakupewa kwa sababu chupa ilikuwa kwa jirani. Aliandika alichokiona, na ng'ombe hakuwaulizia. Mektilda akaingia kwenye orodha, Esnath akaachwa. Wahenga walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu alipopita, mwenyeji mmoja alipona, na si yule aliyechinja kuku.

Esnath hakujali. Orodha ya maskini kwake ilikuwa kama orodha ya wezi, ukikosekana unashukuru. Hata Mektilda alipoanza kupokea ruzuku, yeye alisema kila mtu na riziki yake.

Lightness alimaliza kidato cha nne, akafaulu kwa kuchechemea. Mwezi wa pili zikatangazwa nafasi za ufadhili katika chuo cha ufundi pale Njombe: umeme wa majumbani, mwaka mzima, ada na chakula juu ya serikali, na mwishoni kutafutiwa fundi wa kufanya naye kazi. Binti hakulala. Alikusanya matokeo, cheti cha kuzaliwa, picha na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, akatembea mpaka ofisi ya kata akiwa amevaa sweta la mama yake.

Mama afisa alimpokea vizuri, akasoma kila karatasi, kisha akatafuta jina kwenye kompyuta.

"Nafasi hizi ni za vijana wa kaya zilizoandikwa, mwanangu. Yenu imeonekana ina uwezo. Milo mitatu, viti vya sofa."

"Viti vilikuwa vya kuazima."

Huruma ilimjaa mama afisa machoni. Lakini huruma haina mahali pa kujazwa kwenye fomu. "Malalamiko yalipokelewa mara tu baada ya zoezi. Sasa hivi siwezi kubadilisha kitu."

Alirudi nyumbani akakuta mama yake anamenya viazi. Akaweka bahasha juu ya meza.

"Wamesemaje?" Esnath aliuliza.

"Wamesema tuna uwezo."

Hakumlaumu. Bora angemlaumu. Angepiga kelele, angevunja sahani, Esnath angepata pa kushika. Wiki hiyo hiyo Efraimu wa Mektilda, ambaye hata waya hakuwahi kuushika, akapata nafasi ya umeme. Mektilda alikuja akilia, akasema, "Mama Lightness, nisamehe, sikujua." Kisha, kwa kuwa uchungu humfanya mtu aseme ukweli, akasema na lile lingine: "Lakini dada yangu, mficha uchi hazai."

Mwezi wa nne Lightness akaenda Makambako, akapata kazi ya kuchambua viazi na kushona magunia yanayopakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Alipanga chumba na wenzake wawili. Jumapili alipiga simu, akauliza afya, akauliza mvua. Habari za umeme hakuzitaja tena.

Mwaka wa pili wa Makambako ukasikika uvumi, kisha tangazo: makarani wanarudi kuhakiki kaya, na nafasi za chuo zitatolewa upya. Safari hii Esnath alijipanga kinyume. Alihamisha kuku wake wawili kwa Mektilda, akaacha majivu jikoni bila kuyazoa, akavaa gauni la shambani. Mwisho akaitazama ile taa. Sola ni mali, alifikiri, wanaweza kuihesabu. Akapanda kwenye kigoda, akazing'oa nyaya kwa mikono miwili, akavificha vyote chini ya kitanda.

Alikuja Ronald yule yule, sasa amenenepa kidogo. Esnath alimkalisha kwenye kigogo. Maswali ya mwanzo aliyajibu kwa ukweli. Milo miwili. Kibarua. Viti sina, baba. Sina.

"Vijana kati ya miaka kumi na tano na thelathini na mitano wanaolala hapa?"

"Mmoja. Lightness."

"Yuko wapi nimwone?"

"Ametoka kidogo. Yuko Makambako."

"Aliyehama zaidi ya miezi sita hatumwandiki, mama. Kama amesafiri tu, mpigie aje. Mimi nipo mpaka kesho."

Esnath akapiga. Simu yake ilikuwa mbovu, kila neno lilisikika mpaka nje.

"Mwanangu, panda gari sasa hivi. Njoo useme unalala hapa. Ni kwa ajili ya chuo."

Kulikuwa na kelele za wapakiaji, kisha sauti ya binti yake, haina hasira, imechoka tu.

"Umeme nilishaacha kuuwaza, mama. Na mimi si kiti cha Mama Efraimu."

Simu ikakatika. Ronald alitazama chini. Kwenye nafasi ya vijana akaandika sifuri, akaaga taratibu, na Esnath akaandikwa maskini hatimaye.

Siku ya pili Efraimu alikuja kurudisha kuku. Alikuta nyaya zimemwagika mezani na Esnath anazigeuzageuza, hajui ipi iende wapi. Kijana akatoa bisibisi mfukoni, kwa kuwa sasa alikuwa fundi mwenye cheti, akapanda kwenye kigoda. Alifuata alama za misumari ukutani, akasimama, akazikagua tena.

"Mama, hii alifunga Lightness peke yake? Bila mwalimu?"

"Peke yake."

"Mimi mpaka nafika mwezi wa sita chuoni nilikuwa sijui kufunga hivi."

Alisema kwa kusifu, maskini, hakukusudia ubaya. Akaunganisha waya wa mwisho, taa ikawaka. Esnath akasema asante, akampa maparachichi mawili, akamsindikiza mpaka barazani. Kisha akarudi jikoni, akakaa kwenye kigogo chini ya taa ya mwanawe, akalia kwa sauti, na hakujali nani anapita nje.