Mafuta ya Korosho

Kwetu Lionja mtu akitokwa na malengelenge msimu wa korosho, hakuna anayeshangaa. Yale mafuta ya ganda yanaunguza, na mkono unayapeleka popote unapogusa. Kwa hiyo nilipopata vidonda huko chini, mimba ikiwa ya miezi saba, nilijicheka: mjinga wewe, umebangua korosho ukaenda chooni bila kunawa. Kliniki sikusema. Ningeanzaje, jamani?

Wiki hiyohiyo uchungu ukanishika. Mwanangu alizaliwa hospitalini Nachingwea, mdogo mno, nikamfunga kifuani ngozi kwa ngozi kama nesi alivyonielekeza. Nilimpenda hadi nikawa naogopa kupiga chafya.

Siku ya saba akatokwa na malengelenge kichwani. Nesi akaniuliza, "Mama, kabla ya kujifungua ulikuwa na vidonda sehemu za siri? Sema ukweli, tumuwahi mtoto."

Mama mkwe alikuwa amesimama palepale na chupa ya uji. Nikasema, "Hapana."

Mama mkwe akashika mdomo. "Mungu wangu, ni mimi! Juzi nilitoka kubangua korosho nikampakata. Nilinawa, lakini..."

Sikumkatiza. Niliona aibu, na kusema kweli nilishukuru kwamba kapatikana wa kulaumiwa.

Kesho yake mtoto akagoma maziwa, akaanza kukakamaa. Ndipo nikamfuata daktari peke yangu, nikasema yote. Akanieleza kwamba ni virusi, mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, na korosho haihusiki hata kidogo. Dawa ya mshipa ilianza saa ileile. "Ungesema jana," alisema, taratibu tu. Afadhali angenifokea. Siku ya tatu tukamzika.

Mama mkwe sikumwambia. Kila siku nilisema kesho, na kesho ikawa mwaka.

Juzi wifi yangu kajifungua Ruangwa, tukaenda wote kumwona. Mama mkwe, ambaye tangu siku ile hajagusa korosho, alikaa mlangoni, mikono kaificha ndani ya kanga. Wifi akamnyooshea mtoto. "Mama, mpokee mjukuu wako."

Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Mpe wifi yako," alisema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Mikono yake misafi."

Nikampokea.