Shikamoo ya Pili

Juzi, kwenye zahanati moja ya Matombo, nilimwona mama mtafiti mwenye mvi akimwamkia bibi kizee kabla ya kumtoa damu. Tangu usichana wake mtafiti huyo anachunguza jinsi kinga ya mwili inavyozeeka, na bibi humpa damu kila mwaka.

"Mwanangu, miaka yote hii umeona nini damuni mwangu?"

"Askari wako wa mwili, bibi, wanaikumbuka surua ya utotoni, ila ugonjwa mpya unawapiga chenga."

Bibi akacheka. "Kama mimi! Nyimbo za unyagoni ninazo zote. Jina la mkwe wa juzi, sina."

Mtafiti akaweka sindano chini, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Si umeshaniamkia?"

"Ile ilikuwa ya umri. Hii ni ya mwalimu: utafiti wangu wote umeusema kwa maneno mawili."

Mimi niliyekwenda kutibiwa kikohozi, nikasahau kukohoa.