Lori Lisilo na Boliti

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Mvua ilianza alfajiri ikapiga mpaka saa nne, ile mvua ya Dodoma inayokuja kama imechokozwa. Ilipokatika, bodi ya lori la marehemu baba ilikuwa imelegea upande mmoja, na leo ndiyo siku mdogo wangu aliyosema atakuja kuikata.

Niieleze kwanza, maana ndiyo iliyoleta maneno. Lori ni la kale, la pua ndefu, lakini nyuma halina bati wala chuma. Ni miti na mbao zilizofungwa kwa kanda za ngozi ya ng'ombe, zikapishanishwa kama kitanda cha kamba. Baba alituachia sisi wawili, hakusema nani aliyeifunga bodi hiyo. Mdogo wangu, mtumishi wa serikali, anataka aweke bodi ya chuma, lori lipambe mbele ya baa yake. Mimi sitaki. Tukakubaliana: nikithibitisha kuwa ni kazi ya baba, inabaki. Nikishindwa, inakatwa.

Nilianzia Kongwa, kwa sababu nilihofia kuwa lori lilitoka kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza likiwa tayari na bodi yake. Mzee mmoja aliyekuwa dereva huko alinicheka. "Mwanangu, Mzungu afunge gari kwa ngozi? Hiyo ni akili ya kwetu." Nikarudi hapa Makole mikono mitupu.

Juzi nikaenda Haneti kwa shangazi, dada wa baba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Najua umefuata lori, hukunifuata mimi."

Kisha akanieleza. Alipochumbiwa, ng'ombe wa mahari yake ndio wangetumika baba naye apate kuoa, ndivyo ilivyo kwetu. Ukame ukawamaliza zizini. Wakati huo lori la baba lilikuwa kichwa na fremu tu, mbao zimeliwa na mchwa. Shangazi ndiye aliyekataza ngozi zisitupwe. Wakazilowesha, wakazikata kanda, wakazifunga zingali mbichi, jua likazikaza. Lori likabeba mtama na mawe, baba akapata ng'ombe wengine, akamwoa mama.

"Baba yako alishika kisu," alisema. "Lakini wale ng'ombe walikuja kwa ajili yangu. Hiyo bodi si yenu nyie mnaogombana."

Iliniuma kidogo. Nilitaka iwe ya baba.

Leo mdogo wangu kafika na fundi. Fundi akaingia chini ya lori na spana, akatoka matope mgongo mzima.

"Bosi, hii gari haina boliti hata moja. Nifungue nini?"

"Tafuta kisu, kata!"

Nikasimama mbele ya fundi. Nikamweleza mdogo wangu yote, hata lile lisilonifaa. Haki yake niiandike: tangu mwanzo alisema baba hangeweza kuwaza kitu kama kile peke yake, na kweli.

"Basi umeshindwa, dada. Tulisema iwe ya baba."

"Nimeshindwa mimi. Shangazi hajashindwa."

"Ngozi za ng'ombe waliokufa kwa ukame! Imelegea, inanuka!"

"Imelowa. Jua likiwaka itakaza. Na hizo zinazonuka ndizo zilizomwoa mama yako. Ukitaka kukata, kamwombe mwenyewe. Hapa kisu hakigusi."

Akampigia shangazi simu palepale, akaweka spika, nadhani aniaibishe mbele ya fundi. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, ukitaka chuma nunua gari la chuma. Hiyo ni mahari yangu. Mume wangu huyu hapa anasikiliza. Mkishaikata nimwambieje, kwamba aliniazima?"

Fundi alicheka mpaka akajishika kiuno, akatupia spana kwenye gunia. Mdogo wangu hakucheka. Alisema siku lori likikwama, mimi na shangazi tulisukume wenyewe. Nikamwambia tutalisukuma.

Sijui kama nimetenda haki. Nusu ya lori ni yake, nami nimemzuia asiguse nusu yake. Elimu yangu ni ya darasa la saba, huenda mwenye sheria zake angeniona mkaidi. Na anione. Nimeshapanda nikazikagua kanda moja moja, hakuna iliyokatika.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda. Mdogo wangu alikula amenipa mgongo, lakini alikula.