Alama Tatu kwenye Suti Moja

Katika mji wetu, mtu akikatiza barabara amevaa suti na viatu vinavyong'aa, watu wanashika mifuko yao. Si mzaha. Wenye pesa wa kweli hapa wanatembea na kandambili na fulana iliyopauka, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni, hawana habari na mtu. Ukimwona mtu amejipiga pasi kuanzia kola hadi soksi, basi ni karani wa benki, au anakwenda mazikoni, au anakutafuta akutapeli. Hivyo ndivyo tunavyopimana hapa, na sijui nani alituanzishia.

Bingwa wa kupima watu ni dada yangu. Ni dobi, mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na mimi mdogo wake nafanya kazi pembeni yake tangu ndoa yangu ilipovunjika. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: kaunta mbele, meza mbili za pasi katikati, kamba za kuanikia uani, na kwenye ukuta wa nyuma kabati tunaloliita la wasiorudi. Humo tunatundika nguo ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nyingi ni suti. Watu walizileta zamani, kabla mji haujaamua kwamba ustaarabu ni kuvaa hovyo, kisha wakazisusa.

Nguo ikiingia dukani, dada ananusa kola, anageuza mifuko nje, halafu ananisomea maisha ya mwenyewe. Huyu ameanza sigara kwa siri. Huyu hali nyumbani. Huyu mkewe amenuna, vifungo havishonwi. Mara nyingi anakosea, lakini hakuna mteja anayerudi kumsahihisha, kwa hiyo anajiona hakosei kabisa. Mume wake alipofariki ndiyo akazidi. Alibaki na binti mmoja, nesi kwenye kliniki ya meno, na tangu hapo kila mwanaume aliyemsalimia binti yule alikuwa na kesi ya kujibu.

Basi Nesi akaleta mchumba.

Kabla hata hajafika mlangoni kwetu, wauza matunda wa pale kona walikuwa wameshampa jina: Bwana Harusi. Alivaa suti ya kijivu, shati jeupe, tai, viatu unavyoweza kujitazamia meno. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linachoma, na mtu yule hakulegeza hata kifungo. Alimwinamia dada kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae. Unafanya kazi gani, baba?"

"Niko kwenye biashara ya nguo, mama. Nashirikiana na mzee wangu."

Nesi akatazama sakafu. Dada akanitazama mimi, nikajua tumekwisha. Alinivuta jikoni kwa kisingizio cha kuosha bilauri.

"Umesikia? Biashara ya nguo. Hata wanaoiba nguo kwenye kamba wako kwenye biashara ya nguo."

"Dada, mpe mtoto wa watu nafasi. Labda amevaa hivyo kwa heshima yako."

"Mtu mwenye chake havai hivyo. Huyu amevaa ili nisimwangalie usoni." Akaifuta bilauri ambayo ilikuwa imeshakauka. "Nina mtoto mmoja tu. Akichukuliwa na tapeli, mimi nabaki na nini?"

Akajaza jagi juisi nyekundu, akatoka nalo. Nilimwona kwa macho yangu mawili: hakujikwaa, hakuteleza. Alifika mbele ya mgeni, mkono ukalegea, na juisi ikamshukia kijana wa watu kuanzia begani hadi gotini.

"Maskini, mwanangu, mikono ya uzee hii," akasema dada, ambaye mikono yake inabeba ndoo mbili kwa pamoja. "Vua, vua haraka kabla doa halijashika. Uzuri umefika kwa dobi."

Bwana Harusi alisitasita, nami nikaona kwamba hakutaka. Nesi naye akasema haina haja, atafua mwenyewe. Kadiri walivyokataa ndivyo dada alivyong'ang'ania. Mwishowe kijana akaingia chumbani, akatoka amevaa fulana kuukuu na kaptula ya marehemu shemeji yangu, na kandambili zangu miguuni. Alipoaga na kutoka akisindikizwa na Nesi, mlinzi wa jengo la jirani, ambaye saa moja kabla alimkagua kuanzia utosini hadi kisiginoni, alisimama wima na kumpa shikamoo ya bosi.

Hawajafika kona, dada alikwisha kuigeuza suti ndani nje.

Hapa lazima nieleze kidogo. Madobi wa mji wetu wana desturi ya kutia alama kila nguo kwa uzi, mahali pasipoonekana, kiunoni au nyuma ya kola. Kila dobi ana rangi yake. Ya kwetu ni nyekundu. Halafu kila mteja ana umbo lake, msalaba, duara, nyota, na nguo zake zote zinabeba umbo hilo hilo hadi zichakae. Ndivyo mashati meupe ya mji mzima yasivyopotezana.

Nguo zile zilikuwa na uzi wa kijani. Wa kijani ni wa Mzee Mkaa, dobi wa ng'ambo ya pili ya mji, anayeitwa hivyo kwa sababu aliikataa pasi ya umeme hadi leo. Hilo halikuwa na neno. Neno lilikuwa kwamba koti lilikuwa na nyota, suruali ilikuwa na msalaba, na shati lilikuwa na duara.

"Mwili mmoja, wateja watatu," dada akasema taratibu. Alikaa chini. Kusema kweli na mimi niliamini. Hapakuwa na namna nyingine ya kuisoma alama ile, au hatukuitafuta.

Nilimwambia tumuulize Nesi kwanza. Akasema mapenzi yamempofusha, atamtahadharisha mwizi wake. Alizifua nguo, akazipiga pasi vizuri kabisa, maana hata ushahidi dada hawezi kuutoa ukiwa na mikunjo, na asubuhi ya Jumatatu tukavuka mji.

Duka la Mzee Mkaa lilikuwa limejaa. Mbele ya foleni alisimama Bosi Kandambili, yule mwenye majengo ya nyuma ya soko, na kaptula yake iliyochanika, ambayo inasemekana aliinunua ikiwa imekwisha kuchanika. Mzee alimwona dada, akaiweka pasi yake ya mkaa pembeni.

"Mama Pasi mwenyewe leo. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mzee. Sikuja kukaa. Umeibiwa." Akaibwaga suti kwenye kaunta. "Kuna kijana anatamba mjini na nguo za wateja wako. Tazama mwenyewe, koti la huyu, suruali ya yule."

Foleni yote ikasogea karibu. Mzee akageuza kiuno cha suruali, akapapasa uzi wake kwa kidole gumba. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile bado linaniuma.

"Sijaibiwa," akasema. "Huyo ni mwanangu."

Yalitosha maneno hayo. Mzee aliendelea kueleza kwamba ni nguo za kabatini, wenyewe walihama, wengine waliacha kuvaa suti, kwamba alimwambia kijana azivae badala ya kuliwa na nondo, maana za kununua hana. Alilifungua hata kabati tulione. Sisi tuliona, kwa kuwa tunalo kama hilo. Wengine hawakuwa wanatazama kabati. Walikuwa wanatazamana.

"Mzee," Bosi Kandambili akasema kwa upole, "nipatie furushi langu."

"Bado bichi, bosi."

"Nitalichukua hivyo hivyo."

Njiani kurudi dada alikuwa ameikumbatia ile suti. Mzee alikuwa ameisukuma kwenye kaunta, akatuambia turudi nayo, kijana mwenyewe ataifuata. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza.

"Kwa nini hakusema ni dobi?"

Nesi ndiye aliyemjibu, jioni, akiwa bado na sare yake ya kazi. Habari zilikuwa zimeshamfikia kliniki.

"Ungemkubali dobi, mama? Tangu niko mdogo unanionyesha hayo makovu ya pasi mikononi mwako. Olewa na yeyote, mwanangu, asiwe dobi. Hayo ni maneno yako. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

"Ungeniambia tu."

"Na wewe ungeniuliza tu."

Mji wetu haupendi kumwona mtu amependeza, lakini unapenda sana kujua amependezaje. Wiki ile ile ikasemwa kwamba nguo ukiipeleka kwa Mzee Mkaa inakwenda dansini kwanza ndipo irudi kwako. Ikasemwa kwamba tai ya fulani ilionekana kwenye picha za sherehe ya mtu asiyemjua. Uongo mtupu, na kila aliyeusimulia alikuwa na binamu aliyeshuhudia. Na hao watu walilazimika kufua mahali.

Wakaja kwetu. Walikuja wakimsifu dada kwa jicho kali, kwamba yeye ndiye aliyemfichua. Bosi Kandambili alileta mfuko wa fulana, zote rangi moja ya kupauka, zote sawasawa.

"Hizi usizipige pasi," akaniagiza. "Zikinyooka sana nitaonekana najali."

Kila fulana niliyoigeuza ilikuwa na uzi wa kijani, alama nadhifu, imeshonwa na mtu asiye na haraka. Mashati yaliyofuata vile vile. Shuka vile vile. Meza yetu ilikuwa ya kijani tupu, na dada akapiga pasi bila kunusa kola ya mtu.

Nesi aliingia siku moja akakuta marundo yale. Alichukua shati moja, akaligeuza, akalirudisha.

"Hizi ni nguo za nani, mama?"

"Za wateja."

"Wateja wa nani?"

Dada akavuta foronya, akaipiga pasi. Nesi akaingia chumbani, akatoka na sanduku. Alinikumbatia mimi, akamwambia mama yake kwamba anahamia kwa rafiki yake karibu na kliniki, na kwamba atafunga ndoa kwa wakwe zake wakiwa tayari. Nilitaka kulia na nikalia. Dada aliendelea kuipiga pasi foronya ile ile mpaka nikaichomoa pasi kwenye umeme.

Bwana Harusi mwenyewe alikuja mara moja tu. Alivaa fulana na kandambili kama mji mzima, na wauza matunda wa kona wakampisha njia. Alikuwa amebeba kifurushi. Ndani mlikuwa na fulana ya marehemu shemeji, kaptula yake na kandambili zangu, vyote vimefuliwa. Fulana ile iliyochakaa ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa kama shati la hakimu.

"Shikamoo, mama. Nimerudisha."

"Marahaba, baba. Suti yako ipo tayari. Ngoja nikutolee."

"Hiyo si yangu, mama," akasema bila ukali wowote. "Ni ya wateja. Wewe ndiye uliyetuambia."

Akaaga, akaondoka. Dada alibaki ameishika fulana ya mumewe. Kisha, kwa mazoea tu, akageuza kola, na nyuma yake akakuta uzi wa kijani: jani dogo, umbo tusilowahi kuliona kwa mteja mwingine. Kijana alikuwa amempa dada alama yake, kama anavyopewa mteja mpya anayetarajiwa kurudi. Sijui aliishona kabla hatujavuka mji au baada. Dada naye hajui, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Ndoa ilifungwa, sisi tukaambiwa baadaye. Dada aliuliza kitu kimoja tu, bwana harusi alivaa nini. Nikamwambia nilivyosikia, kwamba alivaa fulana, na wageni wakanong'ona kwamba huyu lazima ana pesa nyingi. Tungecheka, siku nyingine.

Suti ya kijivu ilikaa kwenye kabati la wasiorudi. Kila nikifungua naikuta imenyooka, kwa hiyo najua anaipiga pasi nikiwa uani. Juzi niliishusha kufuta vumbi, nikageuza koti. Nyota ya kijani ilikuwa imefumuliwa, matundu ya sindano yanaonekana bado. Mahali pake palikuwa na jani dogo la uzi mwekundu. Nikatazama suruali, nikatazama shati. Jani, na jani.

Dada yangu hajui kuomba msamaha, hajawahi, wala simtetei. Nilimwambia aende ng'ambo ya mji akaseme kwa mdomo, pale pale kwenye kaunta aliposemea mwanzo. Akasema watu watamwona. Nikamwambia ndiyo, watamwona.

Hajaenda. Lakini suti ameihamisha kutoka kabatini, ameitundika mbele kabisa, kwenye msumari wa nguo zilizo tayari, na mlango ukilia anainua shingo. Mpaka leo ni wateja tu.