Nyanya alinipa picha ya ukoo wao, sasa mwanawe anaitafuta

Admin, nifichie jina, maana kanisani kwetu watu wanajuana mpaka rangi za magari.

Mimi ni Mkenya, mama wa watoto wawili, miaka arobaini na mbili. Naishi huku ughaibuni, Coon Rapids, na mume wangu, na kazi yangu ni kutunza wazee manyumbani. Wiki hii yote siketi nikatulia. Naanza kuosha vyombo naviacha kwa sinki, naenda dirishani kuangalia gari, narudi, naenda tena. Watoto wananiuliza kwa Kizungu chao kama niko sawa. Siko sawa. Ndani ya buti la hilo gari kuna kitu.

Mzee ninayemtunza yuko Saint Paul, mama wa miaka themanini na kitu, Mrusi. Babu yake alikuwa bwana mkubwa kule enzi za mfalme wao, mwenye mashamba na majumba. Mapinduzi yalipokuja wakatoroka na walichoweza kubeba, na walibeba picha kuliko kitu kingine. Nyumba yake ni ya kawaida tu, lakini kuta zake! Picha mpaka chooni. Farasi, wanawake wamevaa lulu, theluji tupu, kana kwamba ya hapa haitutoshi. Na kwenye kona ya sebule kulikuwa na moja ndogo ya mbao, Maria na mtoto, imekuwa nyeusi kwa moshi wa taa. Hiyo alikuwa anaibusu kila asubuhi kabla ya chai.

Siku ya kwanza nilimsalimia vile nililelewa, nikamwita Nyanya. Mzee kama huyo ningemwitaje jina kama rika langu? Akashika mdomo, akaanza kulia. Nikashtuka, nikajua nimemtusi. Kumbe kwa Kirusi nyanya ni yaya! Na yaya wao ndiye aliyeokoa ile picha ndogo. Aliifunga tumboni chini ya nguo, akavuka mpaka nayo, mkononi amembeba mama yake huyu mzee akiwa mchanga. Mimi nikamweleza kwetu nyanya ni mama ya mzazi wako, tena ni ile nyekundu ya kukaanga na kitunguu. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo yeye ananiita Nyanya, mimi namwita Nyanya, mtu akitusikia anadhani tumechanganyikiwa.

Sasa juzi juzi akaishusha ile picha mwenyewe, akaninyooshea. Nilidhani ananipa nifute vumbi. Nikapokea kwa mikono miwili nikapiga goti kidogo, vile mama alitufunza kupokea kitu kwa mkubwa. Loo! Yeye akaona nimekubali. Akanichorea msalaba kichwani, akasema, "Yaya aliileta, yaya ataiweka. Mwanangu atauza zote, lakini hii asiuze. Niambie utaiweka."

Nikasema, "Ndiyo, Nyanya," vile unasema ndiyo kwa mzee ili roho yake itulie. Akaifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akaitia kwa mkoba wangu.

Kampuni yetu hairuhusu upokee hata chokoleti kwa mgonjwa. Nikaificha kwa buti la gari, nikapanga kuirudisha ukutani kimyakimya nikirudi kazini. Sikuwahi. Wikendi hiyo hiyo kiharusi kikampiga. Yuko hospitali, upande mmoja hausongi, na hawezi kusema.

Mwanawe akaja kutoka California. Si mtu mbaya, jamani. Angekuwa mbaya ningelala vizuri. Alinikumbatia mlangoni, akanishukuru kwa kumtunza mama yake. Picha zote zinaenda mnadani, lori la kuzibeba linakuja kesho. Juzi akasimama pale kwenye kona, akaniuliza polepole, "Ile ya mama umeiona?"

Mdomo wangu ukajibu, "Labda aliihamisha juu." Wallahi sijui maneno hayo yalitoka wapi. Akasema asipoipata kabla ya lori kuja itabidi aite polisi, si eti ananishuku, ni bima inataka hivyo.

Nafika nyumbani, baba watoto amefungua buti akitafuta brashi ya theluji. Yeye ni shemasi, na kwake picha ya kubusiwa ni sanamu ya kuabudu. Ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii sanamu inafanya nini kwa gari letu?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Rudisha. Kwangu haiingii. Na ukishikwa nayo, watoto wataambiwa mama yao ni mwizi. Unataka hayo?"

"Niliahidi."

"Uliahidi sanamu?"

"Niliahidi mtu!"

Tangu hapo tunakula bila kusemezana.

Najua mtasema, mwambie huyo mwana ukweli. Ukweli gani? Mfanyakazi mweusi, picha ya bei kali kwa buti, na shahidi wangu hawezi kufungua mdomo. Na hata akiniamini, si ndiyo itaingia kwa lori na zile zingine? Hapo nitakuwa nimejiokoa mimi peke yangu.

Jana mchana nikaenda hospitali. Nikamshika ule mkono mzima, nikainama sikioni. "Nyanya, niruhusu nimpe mwanao." Alikuwa amefumba macho, na hakuyafungua. Alivuta tu mkono wake kutoka kwa wangu, pole pole, akauficha chini ya blanketi. Nililia kwenye lifti mpaka mtu nisiyemjua akanipa tishu.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, nimeomba. Kesho asubuhi nafungua mlango wa ile nyumba na mwanawe yuko ndani. Jioni lazima nipite hospitali, maana uji anakubali kulishwa na mimi tu. Kati ya hao wawili, nitaweza kumwangalia mmoja tu machoni. Ninyi mngekuwa mimi, mngemchagua nani?